Sakafu ya Mama Misumari

Wanamwita Mama Misumari, na wala haoni haya. Seremala huyu, pale wenzake wanapopiga msumari mmoja, yeye hupiga mitatu, halafu hupanda juu ya kazi yake na kurukaruka aone kama kuna kinachothubutu kutikisika. Kwa hiyo jumba la zamani la sinema lilipopata wenyewe wapya, waliotaka liwe ukumbi wa densi, kazi ya sakafu apewe nani mwingine? Na furaha aliyokuwa nayo, we acha tu! Maana mchezaji mkuu wa ufunguzi Jumamosi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, aliyekaa miaka miwili bila kucheza kwa sababu ya goti. Daktari alimruhusu ajaribu. Goti likigoma safari hii, basi tena, densi ndiyo kwaheri.

Viti vikang'olewa, vumbi likatimka mpaka mafundi hawakujuana. Sakafu ya sinema huteremka kuelekea mbele, kwa hiyo Mama Misumari akaisawazisha kwa boriti, akazikaza moja kwa moja kwenye saruji, akapigilia mbao juu. Siku tisa. Ukikanyaga, kimya! Akajipongeza mwenyewe, tena kwa sauti.

Jumatano mdogo wake akaja, akavua viatu, akaruka mara moja. Akashika goti.

"Dada, hii ni sakafu ya kuegeshea lori."

"Si haitikisiki?"

"Ndiyo tatizo lenyewe! Sakafu ya densi lazima ibonyee kidogo. Hii inanirudishia kishindo chote gotini. Hapa sichezi."

Maisha yote ya Mama Misumari, sakafu inayobonyea ilikuwa aibu ya fundi, leo anaambiwa ndiyo ufundi! Akanuna kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha akashika mtaimbo.

"Ng'oeni zote!" akawafokea mafundi. "Mnanitazama nini, nimeota pembe?"

Misumari yake mwenyewe ilimtoa jasho, akawa anajitukana kila ukitoka mmoja. Wakaenda kwa mziba pancha kuomba matairi mabovu, wakayakata vipande, wakavipanga chini ya kila boriti, ndipo wakarudisha mbao. Ijumaa mchana akakanyaga. Sakafu ikabonyea, ikamrudisha juu. Lo! Akacheka peke yake, huku roho iko mkononi.

Mdogo wake akapanda. Akaruka kwa miguu yote miwili, akatulia, akaruka tena juu zaidi. Kisha akainua mguu mzima, akabaki kwenye ule mbovu. Mama Misumari akafumba macho.

Akasikia kishindo. Kingine. Cha tatu. Akawa anahesabu bila kuthubutu kutazama, na kilipofika cha kumi na moja akasikia mdogo wake anacheka, anahema, na wala haachi.

"Dada, fumbua macho basi! Unakosa uhondo!"