Bokoboko la Mchana wa Mechi na Mombasa

Mwanangu, kuna siku moja nikiikumbuka hucheka peke yangu, mpaka wajukuu wananitazama wakidhani bibi yao ndio keshaanza kuchanganyikiwa. Sijaanza kitu. Sogea hapa ukutani penye kivuli, weka hicho kikombe cha chai mbali na mkeka wangu, nikuhadithie. Ukiwa na haraka niambie mapema, kwa sababu mimi nikianza sikatizwi.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Kiponda, mimi, mama yangu na kaka yangu Khamis. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimeshachumbiwa, na jikoni nilikuwa hodari, hilo sitaki mtu anibishie hata leo. Khamis alikuwa mchukuzi wa magunia ya karafuu bandarini. Ungeuona mkono wake ungesema umeazimwa kwa mtu mwengine. Lakini mguu mmoja ulivunjika utotoni ukaungwa vibaya, akikimbia anachechemea, basi kwenye mpira wa miguu hakuna aliyemtaka. Kila alasiri alikuwa akikaa pembeni ya uwanja wa Mnazi Mmoja, kazi yake kuwarudishia wenzake mpira ukitoka. 

Ikaja meli moja ya Kizungu, ikaharibika mashine, ikakaa bandarini muda mrefu. Mabaharia wake wakachoka kukaa bure, wakawa wanakuja Mnazi Mmoja kucheza mpira wao wa mikono. Unadaka, unampa mwenzio, unasogea, unarusha golini. Mguu hata usipokuwa mzima, ukiwa na mkono na jicho inatosha. Khamis alipouona mchezo ule alipagawa. Siku ya kwanza alitazama, siku ya pili akaingia, na siku ya tatu Mzungu mmoja alikuwa anafuta damu puani kwa mpira uliorushwa na kaka yangu, huku anacheka na kumpigia makofi.

Meli iliondoka, mchezo ukabaki. Vijana wakaunda timu, Khamis akawa nahodha. Watu wa mpira wa miguu waliwacheka, usiombe. Walisema wanacheza nage, ule mchezo wetu wasichana wa kurushiana mpira. Khamis akipita Darajani wanaume wazima na ndevu zao wanamwuliza leo nage saa ngapi. Yeye anajibu saa kumi, karibuni, na anapita zake. Mimi ndiye niliyekuwa nafika nyumbani nimevimba kwa hasira badala yake.

Sasa yakaja mashindano. Vijana wetu waliandikiana na wenzao wa bara na visiwani, wakakubali kuja: Mombasa, Ngazija, Dar es Salaam, Tanga, na mabaharia wa meli nyengine iliyokuwepo. Wazee waliokuwa wakiusimamia uwanja walikubali kuutoa, lakini kwa sharti. Walimwita Khamis wakamwambia kwamba kama timu ya Unguja haitatoka hata kwenye kundi lake, basi mchezo huo uishe, uwanja urudi kwa mpira wa miguu siku zote, na yeye asije tena kuomba. Unaelewa maana yake, mwanangu? Maana yake Khamis arudi kukaa pembeni kuokota mipira ya watu. Hakutuambia yeye, tuliambiwa na watu, na mama aliposikia aliacha kusuka ukili wa mkeka akakaa tu.

Makundi yalikuwa mawili, na kila kundi anatoka mmoja kwenda fainali. Sisi tulipangwa na Ngazija na Mombasa. Wangazija tuliwafunga mabao mengi, Mungu awasamehe waliowachagua wale vijana, walikuwa wazuri wa sura kuliko wa mpira. Mombasa nao waliwafunga Wangazija, lakini kwa shida. Ikabaki mechi yetu na Mombasa, siku ya Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Kwa wingi wa mabao, sisi sare ingetutosha. Wao ilikuwa lazima washinde.

Wageni wakati ule hawakulazwa hotelini. Kila mchezaji wetu alipewa mgeni mmoja wa Mombasa wa kumweka kwao, na sisi tukapata golikipa wao. Jina lake Athumani, mtu mkubwa kama mlango, sauti ndogo. Alipoingia tu alimwamkia mama shikamoo na kichwa kimeinama, akavua viatu akavipanga vizuri ukutani, akauliza kisima kiko wapi ili amchotee maji. Mama alimpenda hapohapo. Khamis hakumpenda tangu alipomwona golini siku ya Wangazija, akajua kwamba mtu yule akiwa mwepesi, haupiti mpira.

Ndipo vijana wetu walipokaa barazani wakatunga akili yao. Sijui nani aliianza, na kila mmoja baadaye alimtaja mwenziwe. Walisema siku ya mechi, mchana, kila nyumba impikie mgeni wake chakula kizito kuliko vyote, na ashindiliwe mpaka asiweze kuinama. Tatizo likawa moja. Unajua kwetu mgeni hali peke yake. Mnakula sinia moja, na mwenyeji hatoi mkono mpaka mgeni atoe wake. Sasa watawashibishaje wageni bila ya kushiba wenyewe? Wakapata jawabu. Alhamisi ni siku ya funga ya sunna. Kila mmoja atamwambia mgeni wake kwamba yeye amefunga.

Khamis alinijia jikoni akaniambia nipike bokoboko, na nisionee huruma samli. Nikamwuliza kwa nini, akaniambia. Nami kwa vile nilikuwa nimechoka na wale wa nage saa ngapi, nilicheka nikafunga kanga kiunoni. Nilipika, mwanangu. Ngano nililoweka mapema, nyama nilichagua mwenyewe, nikalisonga mpaka mwiko unasimama peke yake, na juu nikamwaga samli mpaka inang'aa. Pembeni nikaweka pilau, na sahani ya halua ya kufungia kazi. Mpaka leo sijapika bokoboko zuri kama lile, na hilo ndilo linaloniudhi.

Mama alikuwa ametoka tangu asubuhi, amekwenda kwenye hitima Malindi. Akarudi kabla ya adhuhuri, akafunua sufuria, akaona samli, akanitazama. Mimi siwezi kumdanganya mama yangu, uso wangu wenyewe unanisengenya. Nikamwambia yote, na funga ya uongo pia. Hakupiga kelele. Alifunika sufuria taratibu, akaniuliza:

"Zuwena, umepika chakula au umetega mtego?"

Nikasema basi nilimwage. Akasema chakula hakimwagwi, na mgeni hashindi na njaa kwa sababu ya ujinga wenu. Nikipakue kwa adabu, na yaliyobaki nimwachie yeye.

Nikapakua. Khamis na Athumani wakakaa chumba cha mbele kwenye busati, mimi na mama tuko nyuma ya pazia. Athumani akanawa, akamwambia Khamis karibu. Khamis kwa sauti ya ucha Mungu ambayo sijapata kumsikia nayo akasema yeye amefunga, mgeni ale tu, asijali. Athumani akarudisha mkono. Akasema hawezi kula mbele ya mtu aliyefunga, tena mwenyeji wake, basi naye atangoja wafuturu pamoja magharibi. Bokoboko linatoa moshi, hakuna wa kuligusa. Mama akasafisha koo.

"Khamis hajafunga, baba," akasema kutoka nyuma ya pazia. "Asubuhi nimemwacha anakula mkate wa mofa na maharage. Kuleni."

Nilijitia ncha ya kanga mdomoni nisicheke. Khamis akanawa mikono, akatia kwenye sinia. Athumani kwa adabu zake hakuuliza neno. Akala, na alikuwa mlaji, si mchezo, mchukuzi wa Kilindini kama Khamis alivyokuwa mchukuzi wa Unguja. Kila Khamis akitaka kuacha, anaona mkono wa mgeni bado umo, na mama yuko nyuma ya pazia anasikiliza. Wakamaliza bokoboko. Wakahamia kwenye pilau. Halua ilipoingia, kaka yangu alikuwa anapumua kama aliyepandisha gunia ghorofani.

Kumbe si sisi tu. Nyumba zote ilikuwa vivyo hivyo. Kila mgeni wa Mombasa alikataa kula mbele ya mtu aliyefunga, na kila nyumba ilikuwa na mama au bibi anayejua nani kala nini asubuhi. Wote walifungulishwa funga ambayo hawakuifunga.

Alasiri tukaenda uwanjani, wanawake tumesimama na mabuibui yetu nyuma ya goli. Mwanangu, sijapata kuona mechi kama ile. Wachezaji wote wa pande zote mbili wameshiba. Anadaka mtu mpira, anakimbia hatua kidogo, anasimama anashika kiuno. Wengine walikuwa wanarusha wakiwa wamekaa. Watu wa mpira wa miguu waliokuja kuwazomea walicheka mpaka wakasahau kuzomea, na walipochoka kucheka wakaanza kushangilia. Mechi ilikuwa tamu kwa sababu hakuna aliyejua nani ataanguka kwanza.

Mwishoni Mombasa walikuwa mbele kwa bao moja. Mwamuzi, mwalimu mmoja wa skuli, keshatazama saa yake. Mpira ukamfikia Khamis, akachechemea, akajizungusha na tumbo lake lote, akarusha. Athumani alijitupa, hakufika. Wavu ule ulikuwa wavu mkuukuu wa kuvulia, una tundu, na mpira ukapita ndani ya tundu ukatokea nje. Mwalimu alikuwa amezibwa na watu. Alichokiona ni mpira uko nje, akapuliza firimbi akaonesha kwamba haukuingia. Uwanja wote ukapiga kelele. Khamis alipiga magoti akashika kichwa, na mimi nilimwona kaka yangu amesharudi kukaa pembeni ya uwanja maisha yake yote. Nililia palepale, sikuona haya.

Athumani akainuka akijipangusa mchanga, akamwendea mwalimu.

"Umeingia," akasema.

Wenzake wakamrukia. Nahodha wao akamvuta shati, akamwambia nyamaza, tutatolewa. Nilikuwa karibu, hili sikuhadithiwa, nimelisikia kwa masikio yangu. Alisema kwa sauti yake ileile ndogo:

"Mchana nimekula kwao. Alasiri nitawaibiaje?"

Mwalimu akakubali bao. Sare. Unguja wamekwenda fainali, Mombasa wametolewa. Watu walimbeba Khamis mabegani, na wa Darajani walikuwa mbele. Lakini mimi nilimwona uso wake juu kule. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda.

Tuliporudi nyumbani, Khamis hakungoja kukaa. Alimwambia Athumani yote mbele ya mama: samli, funga, barazani, kila kitu. Athumani alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema polepole, "Mimi nilidhani mwatupenda." Kisha akaangua kicheko mpaka akaegemea ukuta, akasema kama ule ndio uadui wa Waunguja, basi kwao Mombasa hawajui kupenda. Sote tulicheka, na Khamis akicheka machozi yanamtoka. Mama peke yake hakucheka. Alimshika Khamis mkono, akamwambia:

"Mgeni amekushukuru kwa wema ambao hukumfanyia. Sasa mfanyie."

Na Khamis alimfanyia, mwanangu. Siku iliyofuata timu yetu ilicheza fainali na mabaharia, ikafungwa vibaya, sitaki hata kukutajia. Lakini watu wa Mombasa hawakuondoka. Walibaki wakatushangilia mpaka sauti zikawakauka, na Khamis alipotoka uwanjani alikwenda moja kwa moja kwao. Mchezo ulibaki Mnazi Mmoja, hakuna aliyethubutu tena kuuita nage. Athumani na Khamis walitembeleana na kukirimiana kwa moyo mpaka kifo kilipowatenganisha, na watoto wao wanaitana ndugu, hawajui hata kwamba si wa damu moja.

Basi nakuambia hivi. Utaishi na watu, na siku moja mtu atakushukuru kwa kitu ambacho wewe mwenyewe unajua hukukifanya kwa moyo safi. Atakuona mwema, nawe unajua ulikuwa na lako. Watu wengi hapo hunyamaza wakafurahi kwamba hawakugunduliwa. Wewe usinyamaze. Mwambie ukweli kama unaweza, na uweze usiweze, anza saa ileile kuwa yule mtu anayekudhania. Haichelewi. Khamis alianza na tumbo limejaa bokoboko la hila, na akafika.

Mwenyezi Mungu akupe nyumba ambayo wageni wanaitamani, akupe mkono mwepesi wa kupakua na moyo mweupe nyuma ya mkono huo. Akukutanishe na watu wanaokudhania mazuri, na akupe umri wa kuyafanya yawe kweli. Amin. Haya, maliza chai yako, imeshapoa.