Fundi wa Barazani ni Mtu wa Nani?

Miaka yote niliyoshona kwenye baraza la tajiri yule, Mhindi mwenye duka la vitambaa katikati ya Nairobi, sikupata kujua kama nimeajiriwa au sikuajiriwa. Yeye alijua. Alijua vizuri sana, ila jibu lilibadilika kila siku kwa kadiri ya haja yake. Nikichelewa kufika kutoka Kangemi kwa miguu, mvua imeninyea njia nzima, nilikuwa mfanyakazi wake, tena mfanyakazi gani huyu asiye na adabu. Nikiugua, nilikuwa fundi huru, bwana wa mambo yangu mwenyewe, na fundi huru nani kamtuma akaugue? Cherehani ilikuwa yangu, kwa hiyo ikiharibika shauri yangu. Baraza lilikuwa lake, lakini kulifagia pia shauri yangu. Nilimstahi kwa jambo moja tu: hakuona haya hata kidogo.

Mafundi wote wa mtaa ule tuliishi hivyo, na kusema kweli tulijivuna. Nikienda kwetu magharibi niliwaambia watu nina kazi yangu mjini, simtumikii mtu. Ujinga mtupu. Miaka ile ya hali ya hatari, Mwafrika asiye na tajiri hakuruhusiwa kukaa Nairobi. Akishikwa, anapandishwa treni, anarudishwa kwao. Nami nilikuwa na mke na mtoto mchanga chumbani Kangemi.

Asubuhi moja wakaja wawili pamoja: afisa wa kazi, Mzungu mwembamba, na askari wa kukagua vipande, vile vyeti vya Mwafrika vya kukaa na kufanya kazi mjini. Ndani ya duka alikuwa ameketi memsahib mmoja, bibi wa Kizungu wa Kileleshwa, akingoja gauni lake la dansi. Mkono mmoja wa gauni nilikwisha kuutia, wa pili ulikuwa mapajani mwangu.

Afisa akamwuliza tajiri, "Huyu ni mtu wako?"

Sheria ilimtaka tajiri ampe mtu wake mahali pa kulala. Tajiri akaiona nyumba inamjia, akajibu upesi, "Hapana mtu yangu, bwana. Yeye nakuja tu, nakaa pale."

Afisa akaridhika. Askari naye akaridhika zaidi: kama si mtu wa tajiri, basi ni mzururaji, simama twende. Tajiri akafungua mdomo ayarudishe maneno, akamwona afisa bado yuko mlangoni, akaufunga. Nikamtazama anavyopima, nyumba huku, fundi huku. Nyumba ilikuwa ghali kuliko mimi. Mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka.

Niliogopa, sifichi. Nikasema, "Bwana, mimi ni mtu wake. Hata kufagia hapa nafagia mimi."

"Tajiri amekwisha sema," afisa akanijibu.

Ndipo memsahib akatokea mlangoni. "Askari, hapana chukua huyu. Huyu fundi yangu."

Moyo ukarudi mahali pake. Kumbe hakuwa amemaliza. "Mpaka gauni kwisha," akasema.

Afisa akayaona maneno hayo ni ya busara, akaenda zake. Askari akavuta kiti cha tajiri, akaketi kuningoja, na tajiri akamletea chai kwa mkono wake mwenyewe. Mimi hakupata kuniletea hata maji.

Basi nikashona. Ule mkono niliutia, nikaufumua, nikautia tena. Nikapiga pasi mshono wa ndani ambao hakuna macho yatakayouona. Nikamwambia memsahib bega halijakaa sawa, akasema limekaa. Nikamgeukia askari, mtu wa kwetu kabisa, nikamwita ndugu yangu, nikamwomba tupitie Kangemi nimuage mke wangu. Akasema hayo nitayauliza kituoni. Nikatafuta kifungo kilicholegea nikikaze. Vyote vilikuwa imara, nilivishona mwenyewe. Sijapata kuuchukia ufundi wangu kama siku ile.

Memsahib alikuwa akitazama saa yake. Mwishowe nikakata uzi. Akalichukua gauni, akaligeuza nje ndani, akanisifu kwamba kazi ni nzuri na nimeifanya haraka. Askari akaweka kikombe chini, akasimama, maana tangu hapo sikuwa tena mtu wa mtu yeyote.