Kocha Alivyotukataza Kusemeshana

Baada ya chai ya asubuhi, kocha aliniita pembeni akaniuliza kwa nini nataka kumzika Masalu.

Hakuwa anatania.

"Nimekusikia mwenyewe. Umesema leo unamzika, na rambirambi utakula wewe."

Ni kweli nilisema. Mimi ni Mhaya, Masalu ni Msukuma wa Sengerema, na tulianza kutaniana siku tuliyoingia kambini Buswelu. Ananiita profesa, eti mpira ukija nausoma kwanza. Mimi namwambia anakaba kama anachunga ng'ombe: anamwacha mshambuliaji ale majani mpaka ashibe.

Kocha ni mgeni nchini. Kiswahili amejifunza vizuri, ila matani hakufundishwa.

Tatizo ni kwamba sote wawili ni mabeki wa kati, na kikosi cha kwanza kilibakiwa na nafasi moja ya beki. Nyingine ni ya nahodha, Yakobo. Ukiwa kocha, ukasikia watu wanaogombea nafasi hiyo wanazikana, utafikiri nini?

"Kuanzia sasa hamsemeshani," alisema. "Nikisikia tena, mtu anarudi kwao."

Nikamfikishia Masalu.

"Kwa hiyo ninyamaze huku nakuona unaharibu?"

"Nyamaza. Mimi kurudi Bukoba saa hizi sina mpango."

Jioni kukawa na mechi ya mazoezi. Goti la Yakobo lilikuwa linamsumbua, hivyo kocha akampumzisha siku hiyo, akatupanga mimi na Masalu pamoja.

Kimenuka.

Krosi ya kwanza, kila mmoja akamwachia mwenzake. Goli.

Iliyofuata tuliiendea wote, tukagongana vichwa. Mshambuliaji wao, Nestory, akapita katikati yetu kama anaenda sokoni. Goli la pili.

"Jamani, mmefiwa?" akatuuliza.

Nikaenda kuutoa mpira wavuni.

Muda si mrefu nikamwona Nestory akichomoka nyuma ya Masalu. Masalu hakumwona. Nikamtazama kocha pale kwenye mstari, nikafunga mdomo. Shuti likagonga mwamba. Bahati tu.

Halafu ikawa zamu yangu. Mpira unashuka, macho yangu yako juu, mara nikasikia:

"Profesa, mtu mgongoni. Funga kitabu, piga."

Nikapiga. Kuanzia hapo tukatukanana hadi filimbi ya mwisho, na goli la tatu hawakulipata.

Kocha akatuita.

"Sasa nimeelewa. Ninyi hamna ugomvi."

Nikatabasamu.

"Masalu anaanza na Yakobo. Wewe, benchi."

Sikukasirika. Nilitaka sababu, nikaiomba.

"Nestory alipokuwa nyuma ya Masalu, ulimwona?"

"Nilimwona, kocha."

"Ukamwambia nini mwenzako?"

"Ulitukataza kusema."

"Yeye pia nilimkataza."

Nilitafuta kasoro kwenye hoja hiyo, nikaikosa. Masalu alijua anaweza kurudishwa Sengerema kwa kufungua mdomo, na angeweza kuniacha nifanye kosa abaki na namba. Akaokoa goli.

Kwa hiyo wewe unayegombea namba, iwe uwanjani au kazini, ukiona hatari nyuma ya mwenzako, sema. Aliyekuamuru unyamaze ndiye atakayekuuliza kwa nini hukusema.

Ligi inaanza Jumamosi. Nitakuwa benchi, na kwa kelele nitakazompigia Masalu, mwamuzi ataomba nihamishiwe jukwaani.