Pikapu ya Mzee Ilipojifunza Kuwaka

Mume wangu alirudi Burundi kutoka ukimbizini na vitu viwili vya kujivunia: mimi na pikapu. Mimi aliniweka jikoni. Pikapu aliijengea kibanda cha mabati, sisi tukiwa bado tunalala chini ya turubai.

Gari lenyewe lilijua kila kitu isipokuwa kuwaka. Ndani yake mlikuwa na vyuma viwili vidogo, mafundi wanaviita platini. Kazi yake ni kugusana na kuachana ili cheche ipatikane. Baridi ya asubuhi ya kwetu Mwakiro ikiviingia, vinanuniana kama wake wenza. Mzee anavisugua kwa msasa, anavipulizia, anavibembeleza kwa sauti ambayo mimi sijaisikia tangu anioe. Vikikataa, anaita, "Jamani, sukumeni!" Kila siku ya soko la Gashoho majirani walisukuma, na malipo yao yalikuwa kupanda bure.

Aibu ilitukuta Gitega. Mjukuu wangu, kijana mrefu mwenye sura nzuri, maana ni sura yangu, alimpenda msichana wa Musinzira, mtaa wa huko. Tukaenda kujitambulisha. Tukala, tukanywa, tukasifiwa. Wakati wa kuondoka platini zikagoma, na mahali penyewe ni tambarare kama meza. Wenyeji wakatusukuma na viatu vyao vya kung'aa mpaka barabara kubwa. Shangazi wa msichana, mama mwenye kilemba kama paa la nyumba, akajipangusa vumbi, akasema kwa Kiswahili chao cha mjini, cha kuchanganya na Kifaransa:

"Bon. Mtoto wetu tulimusomesha, hatukumufundisha kusukuma. Mukirudi na hii gari, musichana hamumupati."

Hakucheka.

Basi mzee akaipeleka pikapu kwa fundi wa Muyinga mjini, mtu mwenye maneno mengi kuliko spana. "Mzee, platini ni mambo ya wakoloni," akasema. "Siku hizi kuna kidude cha elektroniki. Hakigusani, hakisuguliwi, hakinuni." Akang'oa platini, akafunga kidude cheusi chenye nyaya, akabadilisha pia koili, ile inayoipa cheche nguvu. Mzee akazungusha ufunguo. Ikawaka kabla hajavuta pumzi. Mzee akalia. Nimemzalia watoto mtu huyu, sikuwahi kuona chozi lake.

Tangu hapo akapata ugonjwa. Kila anayepita lazima aonyeshwe. Anawasha, anazima, anawasha. Padri alikuja kumwona mgonjwa jirani, akaonyeshwa pikapu kwanza. Majirani nao walinuna: wasiposukuma, watapandaje bure? Mama mmoja aliisukuma ikiwa tayari inanguruma, ili haki yake isipotee.

Siku ya kuposa ikafika. Tukaingia Musinzira na kreti za bia na pombe ya ndizi, gari likinguruma kama la mkubwa wa serikali. Shangazi akalitazama, akatuingiza ndani. Tukakaa.

Mazungumzo ya posa kwetu ni kuzungushana. Wenyeji wanakukatalia, wewe unachekacheka na kuomba tena, na hakuna anayekasirika. Lakini mgeni akiinuka kabla ya jibu, amevunja mazungumzo. Na gari la wageni likiwashwa, hata mtoto anajua kwamba posa imekufa. Gari letu, enzi za platini, halikuwa na uwezo wa kumtukana mtu hivyo.

Msemaji wao alikuwa anatuambia kwamba nyumba hiyo haina msichana, ina wavulana tu, mara nje tukasikia: vruum! Nikatazama kiti cha mzee. Kitupu.

"Gari yao iko inawaka!" Shangazi akasimama. "Donc wanaenda? Haya, waende! Muwarudishie bia yao!"

Vijana wao wakaanza kubeba kreti. Mjukuu wangu alikuwa amepauka kama majivu.

Miguu yangu ni mibovu, lakini siku hiyo ilikimbia. Mzee alikuwa nyuma ya usukani, anamwambia mpita njia, "Sikiliza, hata haikohoi!" Nikaingiza mkono dirishani, nikazima, nikachomoa ufunguo.

"Mama, vipi tena?"

"Unamfukuzia mtoto mke, wewe mzee! Shuka humo!"

Nikarudi ndani, nikapiga magoti, magoti haya mabovu, nikampa shangazi ufunguo kwa mikono miwili. "Dada, hatuondoki. Mume wangu hana kiburi, ni mshamba aliyepata kitu kipya. Kaa na ufunguo. Ukitukataa tutalala hapa hapa, na mtatulisha."

Shangazi akaugeuzageuza ufunguo mkononi. "Kwani kweli haisukumwi tena?"

"Haisukumwi. Ndiyo maana inatuponza."

Akacheka mpaka kilemba kikapinda. Akaufunga ufunguo kwenye pindo la kitenge chake, akaamuru kreti zirudishwe. Msemaji wao akaendelea, na haikuchukua muda akakumbuka kwamba msichana mmoja yumo ndani. Mjukuu wangu akapumua kwa sauti, watu wote wakamsikia.

"Musichana tumetoa," shangazi akasema. "Lakini siku ya harusi, huyu mzee asikae karibu na usukani."

Mzee akafungua mdomo.

"Tumekubali," nikasema.