Kikohozi cha Mademoiselle

Wiki iliyopita mjukuu wangu Neema alirudi kutoka shule na karatasi inayonuka wino mpya. Yuko sekondari, na shuleni kwao wameanza kufundisha Kispanyola, luga ya watu ambao mimi sijui hata wanakula nini. Karatasi ile ilikuwa na sheria za darasa. Mzazi azisome, halafu atie sahihi chini. Wazazi wake wanalima Luvungi, kwa hiyo hapa Bukavu mzazi ni mimi.

“Koko, andika tu jina,” Neema akasema. “Usijisumbue kusoma.”

“Mwenye kunisumbua ni weye. Soma, nisikie.”

Akasoma kwa uvivu. Kila mtu na kaye yake ya kuandikia, imefunikwa vizuri. Simu zifungwe. Ndani ya darasa hakuna kusema luga nyingine. Atakayechelewa mara tatu hataingia tena.

Hapo pa mara tatu nilimwomba arudie. Akaniuliza kama masikio yananiuma. Masikio yangu hayana kitu. Sheria ile ninaijua tangu nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, na hesabu ni ileile. Ilipoingia tena nyumbani mwangu, ilikuja na harufu ya mubirizi, hata kama siku hiyo hakuna aliyekuwa ameuweka kwenye moto. Ninyi mnaoujua mubirizi, mate yamekwisha kuwajaa. Kwa wasioujua: ni yale majani machungu tunayochemsha kwa kikohozi na kwa minyoo, na mtoto huwa anashikwa na watu wawili ndipo ameze.

Tulikaa Kadutu, mtaa wa hapahapa Bukavu, miaka ile Wabelgiji walipokuwa bado wanaamrisha kila kitu. Papa alikuwa mpishi wa Wazungu kule Muhumba, alikuja nyumbani Jumapili tu. Maman alilima kabeji na karoti kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Kila asubuhi alibeba kikapu mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akaenda kuuzisha kwenye milango ya nyuma ya Wazungu. Mimi nilikuwa nimemaliza miaka miwili ya shule ya masista kwa Kiswahili, nikachaguliwa pamoja na wasichana wengine kumi na saba kuingia darasa la Kifaransa. Maman hakupiga vigelegele. “Tumbo haliulize unasema luga gani,” alisema. Lakini nilimwona anashona robe yangu upya, na anapima upindo mara mbili.

Mwalimu wetu aliitwa Mademoiselle Stefania. Alikuwa mweusi kama sisi, msichana aliyesomeshwa na masista haohao, na Jumapili ndiye aliyeongoza nyimbo za korali kanisani. Viatu vyake vilikuwa vinang’aa hata wakati wa mvua, na matope ya Kadutu mnayajua. Hatukupata kujua alikuwa anapita wapi.

Siku ya kwanza alibandika karatasi kubwa ukutani, akaisoma kwa Kifaransa, kisha akaigeuza kwa Kiswahili.

“Musikie muzuri,” akasema. “Hii ni mara ya mwisho munasikia Kiswahili mu kinywa yangu humu ndani.”

Kaye ifunikwe kwa karatasi ya kaki. Kucha ziwe fupi. Asiyejua neno la Kifaransa anyoshe mkono, au anyamaze. Kengele ya pili ikilia, mlango unafungwa, na anayebaki nje amebaki nje. Mara tatu, jina linafutwa. Tulipaswa kuzishika sheria zote kichwani, kwa Kifaransa, kabla ya kufundishwa hata kumsalimu mtu. Kwa hiyo Kifaransa changu cha kwanza kilikuwa cha kukatazwa. Nilikuwa sijui kuomba maji, lakini nilijua kumfungia mtu mlango.

Na kwa kuwa nilipaswa kuzirudia, nilizirudia nikiwa na mdogo wangu Nabintu mgongoni, badala ya wimbo wa kumlaza. Alilala vizuri sana kwa sheria zile. Neno lake la kwanza halikuwa maman wala papa. Siku moja Papa alikuwa anasimulia habari za jikoni Muhumba, na mtoto akanyosha kidole akatuambia kwa Kifaransa tunyamaze: “Silansi!” Papa alicheka mpaka akamwaga bia ya ndizi.

Nabintu huyohuyo ndiye aliyenichelewesha. Maman hakuweza kupanda vile vilima na kikapu pamoja na mtoto, kwa hiyo nilimngoja arudi, nimpe mtoto, ndipo nikimbie. Arudi saa ngapi? Kuna Madame mmoja, Maman alikuwa anasema, anachagua karoti kama mutu anachagua mukwe. Siku Madame yule alipochagua sana, mimi nilikuta mlango umefungwa. Ikawa mara moja. Ikawa mara mbili. Mara ya tatu nilifika jasho linanitoka, nikasikia kutoka nje Mademoiselle anaita majina. Aliita langu. Akangoja kidogo. Kisha akaita la Leokadia lililofuata.

Wakati wa mapumziko alitoka akanikuta bado nimesimama. Uani alikuwa huru kusema Kiswahili.

“Sheria unaijua?”

“Ninaijua, Mademoiselle.”

“Inasema nini?”

“Inasema mulango unafungwa.”

“Mulango,” akasema.

“Ndiyo, Mademoiselle.”

Aliniangalia kama mtu anayengoja uongeze kitu. Mimi nikaangalia viatu vyake. Akaingia.

Msinihurumie. Mimi mwenyewe ninapenda sheria, wajukuu wangu watawaambia. Nyumba isiyo na saa ya chakula si nyumba. Sikumlaumu Mademoiselle, na masista wangemfukuza kazi kama angechezea karatasi yao. Lakini usiku ule nilikuwa na njaa ambayo haikuwa ya tumbo, na sikuwa na neno la kuieleza kwa Maman, kwa luga yoyote.

Kesho yake, Maman alipoondoka tu, nilimfunga Nabintu mgongoni nikapanda shuleni. Nilitaka kusikia sauti za ndani, basi. Nikazunguka nyuma ya darasa, nikakuta dirisha la katikati liko wazi. Nikasimama chini yake. Nikinyanyuka kwa vidole vya miguu, niliona nusu ya juu ya tablo, ule ubao wa kuandikia kwa chaki. Siku hiyo walikuwa wanasoma vitu vya jikoni: sufuria, kisu, moto. Nikaviandika kwa kijiti kwenye udongo.

Nilirudi siku iliyofuata, na iliyofuata. Dirisha lilikuwa wazi. Nabintu akianza kulia, Mademoiselle aliwaambia wasichana warudie maneno wote pamoja, kwa nguvu, na kilio kikapotea katika kelele. Nilifikiri ni bahati. Na siku zile alianza kuandika juu kabisa ya tablo, kwa kujinyosha, ingawa hakuwa mrefu. Hiyo nayo nilifikiri ni maringo.

Leokadia alikaa karibu na dirisha, na alikuwa na ulimi. Wakitoka, alinionyesha kwa wenzake.

“Muone mbuzi ya inje! Imeruka lupango, inakula Kifaransa ya benyewe!”

“Na weye uliye ndani,” nikamwambia, “umeshiba nini?”

Lilikuwa jibu zuri tu, maana kwa kweli nilimwonea wivu, kaye yake na kiti chake.

Mvua za Machi zilipokuja, nilisimama na jani la mgomba kichwani, limetufunika mimi na mtoto. Ndani wasichana walikuwa wanatetemeka. Siku moja Leokadia akanyosha mkono, akasema kwa Kifaransa kizuri kabisa kwamba kuna baridi na dirisha liko wazi. Kabla Mademoiselle hajajibu, nikasikia mlango. Alikuwa sista mkuu. Nikachuchumaa, nikamziba Nabintu mdomo kwa kidole changu, maana ziwa bado sikuwa nalo; maskini, akakinyonya.

Sista akauliza kwa nini dirisha liko wazi katika mvua namna ile. Kisha Mademoiselle akakohoa, kikohozi kirefu cha kifuani, akasema vumbi la chaki linamziba pumzi, asipopata hewa hawezi kufundisha. Sista akamwambia ajifunike shingo. Akaenda.

Tangu siku hiyo Mademoiselle alikohoa kila asubuhi. Nilimsikia vizuri, mimi niliyekuwa karibu naye kuliko wote. Nikaogopa. Kule kwetu kijana mmoja alikuwa amekohoa hivyo, tukamzika. Mademoiselle akifa, nani atafungua dirisha?

Nilichuma mubirizi nyuma ya nyumba, nikauchemsha mpaka maji yakawa meusi, nikayatia katika chupa, nikaiziba kwa kigunzi cha hindi. Nikamngoja langoni.

“Mademoiselle, hii iko dawa ya kikohozi. Ya kunywa yote, moya kwa moya.”

Aliiangalia chupa, akaniangalia mimi, akamwangalia Nabintu. Akafungua, akanywa. Machozi yakamtoka. Hakutema hata tone.

“Aksanti, maman mudogo,” akasema, anajipangusa macho.

“Kesho nitaleta ingine.”

“Hapana! Hii itatosha.”

Lakini kesho yake alikohoa tena, kwa hiyo nilileta nyingine. Nikaleta wiki ile, na wiki iliyofuata, mpaka mvua zikaisha. Zote alizinywa, amesimama langoni na viatu vyake vinavyong’aa, mbele ya macho yangu.

Mwaka wa shule ulipokwisha, aliolewa na karani mmoja, wakaenda Shabunda, na wakati ule Shabunda ilikuwa kama nyuma ya mwezi. Masomo yalipoanza tena, nilipanda na Nabintu, sasa anatembea. Dirisha lilikuwa limefungwa. Nilingoja mpaka kengele ya kutoka, siku tatu. Nilijiwekea hesabu ileile. Siku ya nne nilibaki nyumbani, nikamsaidia Maman kabeji, na masomo yangu yakaishia hapo.

Miaka ikapita, nikazaa, nikazika. Asubuhi moja nilikuwa kanisani, na katikati ya wimbo mama mmoja wa korali akashikwa na kikohozi, ikabidi akae. Wimbo ukaendelea bila yeye. Mimi nilibaki nimesimama watu wote walipokwisha kukaa, mpaka mtoto wangu akanivuta kitambaa. Kila Jumapili ya mwaka ule wa dirisha, Mademoiselle alikuwa amesimama mbele ya korali yetu, sauti imenyoka kutoka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Hakukohoa hata mara moja. Nilikuwa pale. Niliimba naye. Jumatatu nilimpelekea chupa.

Basi nikachukua kalamu ya Neema, nikaandika jina langu polepole, herufi kwa herufi.

“Koko, muko na mwandiko wa tablo,” akasema.

“Ndiko nilikoutoa. Na kesho ufike mbele ya kengele, la sivyo utanijua.”

Alipokwisha kulala nilikaa na karatasi ile. Watu wa Shabunda niliowahi kuwauliza hawakumjua Mademoiselle. Kama yuko, amenipita umri, na mimi mwenyewe nimezeeka. Nisingempigia maneno mengi. Ningemwuliza tu kama ule mubirizi ulikuwa mchungu sana. Jibu ninalijua. Nilikuwa ninauonja kila asubuhi, kabla ya kuziba chupa.