Siku Ndege Ilipotuzimikia Angani

Mtoto wangu wa kwanza alikaa vibaya tumboni. Siku ya pili ya uchungu, mkunga wa zahanati ya misheni akasema nisipofikishwa Tabora tutakufa wote wawili. Wakati ule wa Mwingereza kulikuwa na kindege kilicholeta dawa, na rubani wake, kijana wa Kizungu, akakubali kutuchukua, mimi na mama mkwe.

Hatukufika mbali. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Nikasikia upepo tu.

"Mama, shika sana," rubani akasema. "Injini imekufa."

"Kama imekufa, tunakwenda na nini?" mama mkwe akamuuliza.

Chini ilikuwa miti mitupu na matuta ya mihogo. Kijana akaona mbuga ambayo nyasi zake zilikwisha kuchomwa, akatuteremsha pale. Tulirukaruka kama bisi kikaangoni, lakini tulisimama wazima. Mpaka leo namwombea.

Watu wakaja mbio na majembe yao. Mzee mmoja, aliyekuwa mpagazi enzi za misafara ya pwani, hakuitazama hata ndege. Alinitazama mimi. Akaagiza kitanda cha kamba na miti miwili, akawapanga wanaume kwa vimo, warefu kwa warefu, wafupi wangoje zamu. Tuwahi treni stesheni ya Kigwa, akasema.

Walinibeba kipagazi: wanapokezana huku wanatembea, mzigo haugusi chini. Na wanaimba. Mimi sina subira, nikafoka, "Nyamazeni! Mimi si pembe za ndovu!"

"Mwanangu, wakinyamaza watapishana hatua, utatikisika," mzee akasema. "Wewe tukana tu, tutaitikia."

Nikatukana kweli. Nao wakaitikia, kila tusi na kiitikio chake, mama mkwe kajifunika uso kwa haya. Sikutikisika hata kidogo.

Treni tuliipata, na mzee akapanda nasi. Hospitali Tabora daktari akamtoa binti yangu, kimya. Wakamsugua mgongo, wakamsugua, ndipo akalia.

Mzee alikuwa nje, kaegemea ukuta. Walimfukuza, akawaambia mpagazi haondoki mzigo haujapokewa. Mama mkwe anasema aliposikia kile kilio alisimama, akakung'uta shuka yake, akaenda zake stesheni.

Sikumwahi. Yeye, na rubani, na wale wanaume niliowatukana njia nzima, Mungu awalipe.