Viini vya mayai katika kahawa ya Koko

Nisameheni kwanza kwa mwandiko. Niliacha shule nilipomaliza darasa la sita, na herufi zangu bado zinalala upande. Mahali nitakapokosea, mrekebishe wenyewe kimoyomoyo, mwendelee kusoma. Ukurasa huu mmoja umenichukua siku nne. Sababu nyingine ya kuchelewa ni kwamba kila nikifika kwenye neno "mayai" ninaweka kalamu chini.

Bibi yangu, mama wa mama, sisi tunamwita Koko. Anaishi Kalehe, kando ya ziwa, na ana miti ya kahawa nyuma ya nyumba. Alikuwa hajawahi kula yai. Alipoolewa, mama mkwe wake alimwambia kwamba kuku na mayai ni ya bwana wa nyumba, na mwanamke mwenye heshima hayagusi. Koko alilishika neno hilo hata baada ya mumewe kufa. Wakati wa vita, walipojificha mlimani bila chakula, mtu alimpa yai la kuchemsha. Akamega, akawapa watoto, yeye akalamba chumvi iliyobaki mkononi. Alituhadithia jambo hilo mara nyingi, tena kwa kujivuna. Sisi tulipokula mayai mbele yake alicheka: "Nyinyi bana-binti ba muji, mutazaa vifaranga!"

Mwaka jana aliugua, mama akamleta kwetu Bukavu. Homa iliisha, lakini chakula kilimshinda. Bugali alisukuma, ndazi alisukuma, uji alionja kijiko kimoja. Siku ya tatu nilimwona mama amesimama nyuma ya nyumba, analia ndani ya kitenge chake. Kisha akajipangusa, akaenda kuuza mboga soko la Nyawera, akaniachia mgonjwa.

Zamani nilifua nguo kwa mama mmoja mzee Mwitaliano, kule mtaa wa Muhumba. Huyo alinionyesha kinywaji cha kwao, wanachompa mtu aliyedhoofika au mama aliyejifungua. Unachukua viini vya mayai na sukari, unavipiga kwa uma mpaka rangi ya njano inakuwa karibu nyeupe. Unatia divai tamu kidogo. Bakuli unaliweka juu ya sufuria ya maji ya moto, lakini maji yasiliguse, na mkono usipumzike hata mara moja, maana ukipumzika mayai yanaiva kama ya kukaanga na kazi yote imekufa. Kikishakuwa kizito unamimina kahawa kali, pole pole.

Sikuwa na divai. Nilitia kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, vijiko viwili. Kahawa ilikuwa ya Koko mwenyewe, aliyokuja nayo kwenye kifuko. Nilikaa mbele ya mbabula, jiko letu la makaa, nikakoroga mpaka bega likauma. Kilipokuwa tayari kilikuwa na povu, na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na asali.

Koko alinusa. "Mutoto wangu, iko nini mu ndani?"

Nilitazama miguu yangu. "Iko kahawa yako, Koko. Na maziwa na sukari."

Alikunywa kikombe chote. Akapitisha kidole ndani, akalamba.

Ningeweza kusema wakati ule. Lakini mchana aliomba kingine, na asubuhi iliyofuata pia. Wiki ilipoisha alikuwa anatembea mpaka mlangoni, na mama alikuwa anaimba akiosha vyombo. Mimi nilikuwa ninafunga maganda ya mayai kwenye mfuko mweusi na kuyatupa mbali, nisimwambie hata mama. Ute uliobaki niliukaanga nikaula nimesimama, haraka, kama mwizi.

Jumapili moja wakaja wamama watatu wa kikundi chake cha sala, kutoka Kalehe, na mkungu wa ndizi. Koko aliketi wima kitini.

"Bamama, mumuone huyu. Amenitoa mu kaburi na kahawa tu! Leta mbabula hapa, mutoto wangu, ubafundishe."

Nilileta mbabula. Nilichemsha maziwa, nikatia kahawa na sukari, nikampa. Alionja, akakunja uso.

"Hapana. Hii haiko ile."

Mama mmoja mnene akapiga makofi. "Anaficha siri ya dawa yake! Mujukuu muchoyo!"

"Achana naye," Koko akasema. "Huyu hanifichi kitu. Iko na haya tu."

Kama angenitukana ningebaki nimeketi. Neno hilo, kwamba simfichi kitu, ndilo lililoniinua. Niliingia ndani, nikarudi na mayai matatu mkononi. Nililigonga la kwanza kwenye ukingo wa bakuli. Sauti ilikuwa ndogo sana, lakini wote wanne waligeuka.

Kisha yule mnene akaanza kucheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. "Ee, mama! Si wewe unakatazaka bibi-arusi betu mayai? Kumbe huku muji unakunywa mayai! Utazaa vifaranga!"

Wenzake wakacheka pia. Sidhani walikuwa na nia mbaya. Koko hakucheka. Aliweka mikono yake miwili juu ya magoti na kuitazama, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Mimi nilisimama na ganda mkononi, ute unanichuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Wageni walipoondoka aliniita.

"Juu ya nini hukuniuliza kwanza?" Nilianza kuokota vikombe. "Pengine ningekubali," akasema.

Ni hayo tu. Hakunipiga wala hakunilaani. Asubuhi alikunywa chai bila kitu, na siku tatu baadaye alipanda mtumbwi wa injini kurudi kwake, kwa miguu ile niliyomrudishia mimi. Wengine wote aliwaaga kwa majina. Mimi alinishika kichwa tu.

Mama anasema nisijisumbue, Koko yuko hai, hilo ndilo kubwa. Ni kweli yuko hai. Lakini kitu alichokilinda tangu alipoolewa, hata katika njaa, nilimnyang'anya kwa kikombe, huku akinishukuru.

Nilitaka kumwandikia. Yeye hajui kusoma, na atakayemsomea barua ni mmoja wa wale wamama. Watacheka tena, mara ya pili, kwa maneno yangu mwenyewe. Kwa hiyo lazima niende na kinywa changu. Nimeshuka bandarini mara mbili, na mara zote mbili nimerudi nyumbani kabla mtumbwi haujajaa.

Wewe unayesoma, kama uliwahi kumdanganya mzee aliyekuamini, kisha ukaenda kumwomba msamaha, niandikie. Niambie neno la kwanza ulilosema ulipofika mlangoni. Mwandiko mbaya hautanisumbua. Nitasoma pole pole, na nikishalipata neno hilo nitashuka bandarini mara ya tatu.